Tumekubaliana kuachana, yeye Mwislamu mimi Mkatoliki: je, makubaliano yetu yanatosha kuivunja ndoa?

MamaUyole:

Ndugu zangu, nawasalimu. Naandika kutoka Uyole, Mbeya, nikiomba msaada wa watu wanaoijua sheria ya ndoa kwa vitendo, hasa wale walioishi katika ndoa ya dini mbili.

Mimi ni Mkatoliki niliyelelewa Rungwe, na mume wangu ni Mwislamu, mwenyeji wa Kyela. Kwa kuwa hakuna kati yetu aliyetaka kubadili dini, na wazee wa pande zote mbili hawakutulazimisha, tulifunga ndoa ya serikali Bomani mwaka 2012 baada ya mahari kupokelewa nyumbani kwetu. Mungu ametujalia watoto wawili: wa kwanza ana miaka 11 na huenda madrasa, wa pili ana miaka 6 na alibatizwa. Hivyo ndivyo tulivyokubaliana wakati ule, na sijapata kujuta.

Kwa zaidi ya miaka minne sasa mume wangu anaishi Makambako, ambako anafanya biashara ya mbao, nami nimebaki hapa na watoto nikiendelea na biashara yangu ya viazi. Hatukugombana. Tuliketi tukaona kwamba kila mmoja anaishi maisha yake, na kwamba kuendelea kuitana mume na mke ni kuwachanganya watoto na kuwasumbua wazee bure. Tunaheshimiana, anatuma fedha za shule, na tunataka kuachana kwa amani hiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba kila tunayemuuliza anatupa njia yake. Mume wangu anaamini kwamba akiandika talaka mbele ya mashahidi wawili, jambo limekwisha. Shemeji yangu anasema twende BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Dada yangu anasema nianzie parokiani. Jirani mmoja naye anasema kwa kuwa tumekubaliana, tuandikishe tu kwa wakili, tupigiwe mhuri na kila mtu ashike njia yake. Ipi ndiyo njia ya kisheria? Na je, mahakama inaweza kutukatalia talaka kwa sababu hakuna kati yetu mwenye kosa?

Karani Mstaafu, Iringa:

Dada, pole kwa hali hiyo, na hongereni kwa kuifikia bila kuvunjiana heshima. Nimefanya kazi katika masjala ya mahakama kwa miaka mingi hapa Iringa, na mashauri ya watu wa dini mbili nimeyapokea kwa mikono yangu, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Jambo la kwanza, ambalo ningependa mume wako alisome mwenyewe, ni kwamba ndoa zote za Tanzania Bara, ziwe za kanisani, za Kiislamu, za kimila au za serikali, ziko chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo leo ni Sura ya 29 ya sheria zetu. Kwa sheria hiyo, wanandoa wakiwa hai, ndoa halali iliyofungwa hapa haivunjwi na karatasi ya talaka iliyoandikwa nyumbani, wala na mkataba wenye mhuri wa wakili, wala na kikao cha ukoo. Inavunjwa na amri ya mahakama. Kwa hiyo njia ya mumeo na njia ya jirani yako, zote mbili, zitawaacha mkiwa bado mume na mke mbele ya serikali, hata kama wenyewe mtaamini vingine.

Hili si suala la karatasi tu. Ndoa yenu ya Bomani inadhaniwa kuwa ya mke mmoja mpaka ithibitike vinginevyo, maana sheria inazidhania ndoa za Kiislamu na za kimila peke yake kuwa za wake wengi au zinazoweza kuwa hivyo. Mwanamume aliye katika ndoa ya mke mmoja akienda kufunga ndoa nyingine kabla ya amri ya mahakama, ndoa hiyo ya pili ni batili, na kuifunga ni kosa la jinai. Nimeona mwanamke wa pili akifika mahakamani na watoto wake, akiwa na cheti mkononi, akaambiwa kwamba hakupata kuwa mke wa mtu. Mtu mwema hapaswi kumtendea mwenzake hivyo kwa haraka tu ya kutaka kuanza upya.

Jambo la pili ni swali lako la makubaliano. Sheria yetu haina talaka inayotolewa kwa sababu tu wanandoa wamekubaliana. Kifungu cha 99 kinataka mahakama iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi kisichoweza kurekebishika, na hakimu anapaswa kusikia ushahidi hata kama mjibu madai amesimama na kusema anakubali kila kitu. Lakini usiogope hapo, kwa sababu mnao ushahidi mzuri kuliko mnavyodhani. Kifungu cha 107 kinataja mambo ambayo mahakama inaweza kuyachukua kuwa dalili za kuvunjika kwa ndoa. Uzinzi, ukatili na kutelekezwa vimo, lakini kimo pia kitu kisichohitaji mkosaji, yaani kutengana kwa hiari kulikodumu kwa miaka isiyopungua mitatu. Ninyi mmetengana kwa hiari kwa zaidi ya miaka minne. Kaeni mkumbuke ni mwezi gani alihamia Makambako, nani anajua, alipanga wapi, na tangu lini hamjaishi pamoja kama mume na mke. Hakimu atawauliza hayo.

Hakuna haja kabisa ya kubuni ugomvi. Wako watu wanaoshauri mmoja amsingizie mwenzake ukatili au uzinzi ili "kesi iende haraka", na mimi nalichukia sana jambo hilo, kwa sababu maneno hayo hubaki katika kumbukumbu za mahakama na watoto wanaweza kuyasoma wakiwa wakubwa.

Jambo la tatu ni pa kuanzia. Kifungu cha 101 kinawataka mpitie kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, isipokuwa katika hali chache, kama vile mwenzi kutojulikana alipo au kufungwa kwa miaka mitano au zaidi. Hapa ndipo tofauti ya dini inapogusa njia yenu. Mabaraza ya jumuiya za dini, kama lile la BAKWATA, yana mamlaka pale ambapo mume na mke wote ni wa jumuiya hiyo. Ninyi si wa jumuiya moja, kwa hiyo baraza lenu ni la kata, na kwa sheria ni kata anayoishi mume. Kwa maelezo yako, hiyo ni kata yake huko Makambako, si Uyole.

Baraza litawaita, litawasikiliza na kujaribu kuwapatanisha. Likishindwa, litatoa hati inayosema kwamba limeshindwa, na hati hiyo ndiyo inayofungua mlango wa mahakama. Izingatieni tarehe yake, maana shauri linapaswa kufunguliwa ndani ya miezi sita tangu hati ilipotolewa. Baada ya hapo mnaweza kwenda Mahakama ya Mwanzo, ambayo inayo mamlaka kamili juu ya mashauri ya ndoa sawa na Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na hata Mahakama Kuu. Kwa watu wasio na mgogoro, Mahakama ya Mwanzo inatosha.

Ustadhi wa Kyela:

Assalaam alaykum na salamu kwa wote. Karani ameeleza vizuri upande wa serikali. Mimi nazungumza na huyo ndugu yangu wa Makambako, kwa kuwa najua kinachomsumbua ni dhamiri yake mbele ya Mwenyezi Mungu na si ubishi.

Uislamu unamruhusu mwanamume Mwislamu kuoa mwanamke katika Watu wa Kitabu, na ruhusa hiyo imo katika Suratul Maida, aya ya 5. Mke wa namna hiyo ana haki za mke katika matunzo, katika kukaa naye kwa wema na katika kuachwa kwa wema. Kwa hiyo, ikiwa anaona kwamba nikaha ilitimia na anataka kutamka talaka ili nafsi yake itulie, hilo ni lake. Ajue tu kwamba talaka hiyo haichukui nafasi ya amri ya mahakama. Wengine wamesikia kwamba sheria inaiheshimu talaka ya Kiislamu, nayo ni kweli kwa sehemu, kwa sababu kifungu hicho hicho cha 107 kinaitaka mahakama itoe amri pale ambapo ndoa ilifungwa Kiislamu, baraza limeshindwa kupatanisha, na ndipo mmoja akafanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu lingevunja ndoa. Lakini ndoa ya Bomani haimo katika sehemu hiyo.

Ushauri wangu kwake ni kwamba asubiri. Aende barazani, aende mahakamani, kisha atamke talaka moja, si tatu kwa mkupuo, mbele ya mashahidi, akiwa na utulivu. Dada naye asishangae akitajiwa eda, yaani muda wa kusubiri kabla ya kuolewa tena. Mke wa Kitabu aliyeachwa na Mwislamu ana eda kama mke Mwislamu, na kwa mwanamke anayepata hedhi ni vipindi vitatu. Tena mume asisahau kiliwazo, yaani kitu anachompa mke anayemwacha kwa kadiri ya uwezo wake, ambacho Qur'ani imekitaja katika Suratul Baqara. Watu wetu wengi wameacha jambo hili, nami naliona ni adabu kubwa.

BintiMafinga:

Dada, nimepitia njia hiyo na ninataka kukuonya juu ya hati ya baraza, kwa sababu mimi ndipo nilipokwama. Baraza nililokwenda lilitusikiliza vizuri, lakini likaandika barua ya kawaida kwenda mahakamani ikisema kwamba "wahusika wamefika na wanaombwa kusaidiwa". Haikusema popote kwamba usuluhishi umeshindikana. Mahakama ililiondoa shauri, nikarudi kuanza upya, na mume wangu wa zamani, ambaye mwanzoni alikuwa amekubali kila kitu, alikuwa amekwisha kusikiliza ndugu zake na kubadili mawazo.

Hati inayotakiwa ina fomu yake maalumu, Fomu Namba 3, na inapaswa kueleza bayana kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha. Tazama pia kichwa cha hati na mhuri. Wajumbe wa Baraza la Kata wanaweza kukaa kama Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, lakini hati ionyeshe kwamba walikaa kwa nafasi hiyo. Soma kabla hujaondoka ofisini.

MamaUyole:

Shikamoo Karani, na Ustadhi nakushukuru sana. Nimemsomea mume wangu majibu yenu kwa simu, na amekubali kwamba nitakwenda Makambako tukaandikishe shauri kwenye baraza la kata yake. Dada wa Mafinga, pole kwa usumbufu ulioupata, na onyo lako nimelishika.

Naomba niongeze yanayoninyima usingizi. Kwanza ni watoto. Sisi wawili hatuna shida, lakini nimesikia upande wake wakisema kwamba mtoto wa Mwislamu ni Mwislamu na lazima wote waende kwa bibi yao Kyela. Pili ni nyumba ya Uyole, ambayo tumeijenga pamoja lakini kiwanja kiko kwa jina lake, na bado tunadaiwa mkopo wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) tuliouchukua kwa ajili ya kuezeka. Tatu ni parachichi. Tulipanda miche kwenye shamba la baba yangu Rungwe, kwa fedha za mume wangu, na sasa imeanza kuzaa. Nne, naogopa kwamba nikipeana talaka sitaruhusiwa tena kupokea Ekaristi.

Katekista, Mbeya:

Nijibu hilo la nne, maana nimeona wengi wakiacha kusali kwa hofu isiyo na msingi. Talaka ya serikali peke yake haimzuii mtu kupokea sakramenti. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2383, inasema wazi kwamba ikiwa talaka ya serikali ndiyo njia pekee iliyobaki ya kulinda haki fulani za kisheria, matunzo ya watoto au mali, inaweza kuvumiliwa na si kosa la kimaadili.

Lipo jambo jingine ambalo nadhani hukuambiwa mwaka 2012. Mkatoliki anayefunga ndoa na mtu asiyebatizwa anahitaji ruhusa maalumu ya Askofu, na anatakiwa kufunga ndoa kwa utaratibu wa Kanisa, mbele ya padre au shemasi na mashahidi wawili, isipokuwa ameondolewa sharti hilo. Kama mlikwenda Bomani bila ruhusa hizo, na hamkuja baadaye kuirekebisha ndoa, Kanisa halikuitambua kuwa ndoa halali kwa sheria zake, ingawa serikali iliitambua. Maana yake ni kwamba kizuizi chako kilikuwa katika hali ya kuishi hivyo, wala hakitaletwa na talaka. Nenda kwa paroko wako, ufanye kitubio, na umweleze yote. Baada ya amri ya mahakama, yeye ataomba kwenye ofisi ya Jimbo tamko kwamba ndoa ilikosa utaratibu wa Kanisa, na kazi hiyo hufanywa kwa nyaraka, bila kesi ndefu. Chukua cheti chako cha ubatizo, cheti cha ndoa ya Bomani na nakala ya amri ya talaka. Watoto wako si haramu kwa macho ya mtu yeyote mwenye haki, na usimruhusu mtu kusema hivyo mbele yao.

Karani Mstaafu, Iringa:

Marahaba, mama. Nimefurahi kwamba mmesikilizana kuhusu Makambako.

Nianze na watoto. Kifungu cha 125 kinaiambia mahakama kwamba kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Matakwa ya wazazi yanasikilizwa, mila za jamii zinasikilizwa, na mtoto aliyefikia umri wa kuwa na maoni yake anasikilizwa pia, na huyo wa miaka 11 huenda akaulizwa. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 7, sheria inadhani kwamba ni heri kwake kukaa na mama, mpaka ithibitike vinginevyo. Hakuna mahali sheria inaposema kwamba dini ya baba inampa baba au bibi watoto. Na kwa kuwa suala la dini ndilo litakaloleta maneno siku zijazo, jueni kwamba kifungu cha 126 kinairuhusu mahakama, inapotoa amri ya malezi, kuweka masharti hata ya dini ambayo mtoto atalelewa ndani yake. Mnayo makubaliano tayari, mmoja madrasa na mwingine kanisani. Yaandikeni, na muiombe mahakama iyaweke katika amri yake, ili siku mmoja wenu akiwa hayupo, au akiwa na mwenzi mpya mwenye maoni yake, pasiwe na wa kuwavuruga wanangu hao. Andikeni pia likizo ziko kwa nani, ada na matibabu analipa nani na kwa kiasi gani. Maneno kama "baba atasaidia kadiri awezavyo" hayamfai mtu yeyote.

Hapa ndipo makubaliano yenu yana thamani kubwa. Hati ya madai ya talaka yenyewe inatakiwa kueleza makubaliano yaliyopo juu ya matunzo na mgawanyo wa mali, na mahakama inayapima kuona kama yana haki. Wanaogombana hupangiwa na hakimu. Ninyi mtakuwa mmepanga wenyewe, naye atawauliza mmoja mmoja kama mmekubali bila kushinikizwa. Nawasihi mfike na maandishi hayo barazani tangu siku ya kwanza, kwa sababu baraza nalo linaweza kuambatanisha mapendekezo yake juu ya mali na watoto.

Kuhusu nyumba, jina la mume kwenye kiwanja linajenga dhana kwamba ni chake, lakini dhana hiyo inapingika kwa ushahidi. Kifungu cha 114 kinagawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa, na kinaangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Wewe una zaidi ya hizo, una biashara ya viazi. Tafuta stakabadhi za mabati na saruji, na taarifa za SACCOS. Deni nalo linaingia kwenye hesabu, kwa kuwa lilichukuliwa kwa faida yenu wote. Amueni nani atalimaliza, kisha mkawaone SACCOS wenyewe, kwa sababu mkopeshaji hafungwi na mapatano yenu asiyoyajua. Na kabla ya amri kutoka, nyumba mnayoishi kama familia haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake.

Parachichi ni gumu kidogo. Ardhi ni ya baba yako, na mahakama haitamgawia mumeo ardhi ya mtu ambaye si mhusika katika shauri. Lakini fedha zake zimo kwenye miti ile, na ingekuwa dhuluma kujifanya hazimo. Ninyi mnaosikilizana mnaweza kukubaliana kiasi utakachomrudishia kwa mafungu kila baada ya mavuno, au mkahesabu thamani ya miti na kuipunguza kwenye sehemu yako ya nyumba. Mzee wako aitwe kwenye kikao hicho, asikie na aweke sahihi kama shahidi. Akitokea mtu wa ukoo kudai kwamba mahari irudishwe kwanza, mwambieni kwa heshima kwamba hayo ni mazungumzo ya wazee, na mahakama haisubiri mahari ili kutoa talaka.

Mkishapata amri ya talaka, ombeni nakala zilizothibitishwa, mbili kila mmoja, kisha mwende kuisajili talaka RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, kupitia ofisi ya wilaya. Wengi huishia mahakamani na kuiacha hatua hiyo, halafu miaka inapita, mmoja anataka kufunga ndoa nyingine au anafuatilia mirathi, na daftari la serikali bado linaonyesha kwamba ana mke.

MamaUyole:

Nimewaelewa, wazee wangu. Jumamosi mume wangu anakuja Uyole kuwaona watoto, na baba atashuka kutoka Rungwe. Tutaketi tuandike habari ya nyumba, deni, miti na dini za watoto, kisha tupeleke maandishi hayo barazani Makambako. Karani, naomba swali moja tu: yeye ndiye afungue shauri, au mimi?

Karani Mstaafu, Iringa:

Yeyote kati yenu anaweza. Kwa kuwa watoto wako kwako na nyumba iko kwa jina lake, ningependa wewe uwe mdai, ili maombi ya malezi na ya mgawanyo yaandikwe kwa mkono wako na yeye ayakubali mbele ya hakimu. Siku ya kusikilizwa mfike wote wawili, na mje na shahidi mmoja au wawili wanaojua kwamba mmeishi mbalimbali kwa miaka yote hiyo, mmoja akitoka Uyole na mwingine Makambako.